Hofu ya Habil na Hofu ya Ibilisi: Tunapolitafsiri Neno “Fear”



Kuna swali linalozunguka katika madarasa ya falsafa ya maadili, na kila muhula hurudi limevaa nguo mpya. Huulizwa kwa Kiingereza, maana Kiingereza ndicho tunachofundishiwa: mtu asiyeiba kwa sababu anaogopa adhabu ya Mungu, je, ni mwema, au ni mwoga tu? Anayeuliza mara nyingi hana haja ya kungoja jibu. Akishalitamka neno “fear” amekwisha kuhukumu. Nani asiyejua kuwa mtu aliyeshikiwa panga hastahili sifa kwa kutoa pochi yake?

Kwa upande wetu Waislamu nimesikia majibu ya aina mbili. Wa kwanza hulifuta neno lenyewe. Wanasema Uislamu si dini ya hofu, ni dini ya mapenzi, na zile aya zinazotaja hofu zilitafsiriwa vibaya. Wa pili hupandisha sauti. Wanasema ndiyo, tunaogopa, na wewe ngoja uone kaburi. Mimi sioni kama yupo aliyejibu swali. Wote wawili wamekubaliana na muulizaji katika jambo ambalo hawakulichunguza: kwamba hofu ni kitu kimoja, na kwamba “fear” ndilo jina lake.

Tuanze basi na neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, babu wa neno hili alikuwa “fær”, na maana yake haikuwa hisia. Ilikuwa ni balaa la ghafla, hatari, shambulio linalomkuta mtu bila kutarajia. Kijerumani kina ndugu yake mpaka leo, “Gefahr”, na maana yake ni hatari. Yaani neno hili lilitaja kitu kilichoko nje: njiani, porini, baharini. Karne zikapita, likahama. Likatoka kwenye hatari, likaingia kifuani mwa anayeiona hatari. Leo ukisema “fear” unazungumzia moyo wa mtu, si simba.

Si neno hilo peke yake lililohama. “Awe” lilikuwa kitisho kikali, kisha likawa ile hali ya mtu kuduwaa mbele ya utukufu. Kutokana nalo wakapata “awful”, lililowahi kumaanisha kitu kinachostahili kuhofiwa kwa heshima, na ambalo sasa ni chakula kilichoungua. Wakapata na “awesome”, ambalo vijana wa leo hulitumia kuisifia chipsi. “Terrific” limetoka kwenye kutisha likaishia kwenye kupendeza. Na “fearful” linaweza kuwa ni mtu anayeogopa au kitu kinachoogopesha, ujitafutie mwenyewe. Kisha kuna ile “I am afraid” ya ofisini. Karani akikwambia kwamba anaogopa matokeo yako hayaonekani kwenye mfumo, yeye haogopi chochote. Anayetetemeka ni wewe.

Jambo zito zaidi ni kwamba katika Kiingereza cha siku hizi hofu imekuwa kama maradhi. Neno la Kigiriki “phobos” limewapa madaktari orodha ndefu ya hofu zinazotibiwa. Rais Franklin Roosevelt, alipoapishwa Machi 1933 huku uchumi wa Marekani umeanguka, aliwaambia watu wake kwamba hakuna cha kuhofia isipokuwa hofu yenyewe, na maneno hayo yakawa kama wasia kwa kizazi kizima. Vitabu vya kujiendeleza vinavyouzwa kando ya barabara vinarudia habari ileile: ishinde hofu, iue hofu. Sina ugomvi na mawaidha hayo katika mambo yake. Mwanafunzi anayeogopa kusimama mbele ya darsa na ashinde hofu yake. Lakini kijana aliyelelewa na neno la namna hii, akifungua tafsiri ya Qur'an ya Kiingereza akakuta anaamrishwa “fear Allah”, atasikia nini? Atasikia anaamrishwa augue.

Watafsiri wenyewe waliliona tatizo hili. Abdullah Yusuf Ali, ambaye tafsiri yake ilianza kutoka mwaka 1934, alilitumia “fear” mara nyingi palipo na taqwa. Marmaduke Pickthall, mwaka 1930, alikuwa amejaribu njia nyingine, ya kujikinga na uovu, kwa kuufuata mzizi wa Kiarabu ambao kweli maana yake ni kukinga na kuhifadhi. Muhammad Asad, mwaka 1980, akachagua kumtambua Mungu katika fahamu, na M. A. S. Abdel Haleem, mwaka 2004, akaelekea kwenye kumzingatia. (Kisa cha Umar na Ubayy bin Ka'b kuhusu njia ya miiba mmekisikia katika kila darsa, sikirudii.) Kila mmoja alipata kitu na kupoteza kitu. Ninachokiona mimi ni kwamba kila tafsiri mpya imekuwa laini kuliko ya kabla yake, na imefika mahali msomaji anaweza kumaliza juzuu nzima bila moyo kushtuka. Hiyo nayo si Qur'an niijuayo.

Lugha zetu za huku zimejaaliwa zaidi katika jambo hili, na nashangaa tunavyoacha hazina ya nyumbani tukaenda kukopa. Kiswahili kina woga, ambao ni aibu. Kina hofu, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, ambayo si sifa wala si aibu mpaka ujue ni ya nini. Kina kuogopa, kwa nyoka na kwa mwalimu. Halafu kina -cha. Mtu humcha Mungu, wala hakuna anayemcha nyoka. Zamani kitenzi hiki kilikuwa na uwanja mpana, lakini leo kimebaki karibu kwa Mwenyezi Mungu peke yake, kama chombo cha thamani kinachowekwa kabatini kwa ajili ya mgeni mmoja. (Tusikichanganye na kucha kwa alfajiri. Yapo mawaidha niliyoyasikia yaliyojenga nyumba nzima juu ya mfanano huo.) Na tawi lake, -chelea, lingali linaishi mitaani: mchelea mwana kulia hulia yeye. Kuchelea si kutetemeka. Ni kuona mbele kwamba jambo baya linaweza kutokea, na kulitia katika hesabu zako. Mzazi wa methali ile hakukosea kwa sababu alichelea, alikosea alichochelea: kilio cha leo badala ya uharibifu wa kesho.

Kiganda kina “okutya” kwa yote, kuanzia mbwa mkali hadi Katonda. Lakini kutoka hapohapo kimezaa “ekitiibwa”, heshima na utukufu, ambalo ukilifumua ni kile kinachoogopwa. Kwa hiyo anayesikia khutba kwa Kiganda anaambiwa amwogope Mungu kwa kitenzi kilekile kinachozaa heshima. Wenzetu wa Rwanda na Burundi wana “gutinya”, nalo huenda kwa Mungu na kwa chui.

Sasa tuifungue Qur'an yenyewe, kwani hapo ndipo neno moja la Kiingereza linapobebeshwa mzigo wa maneno mengi: khawf, khashya, rahba, wajal, taqwa na mengineyo. Sitayachambua yote. Nataka tuone machache tu yanavyofanya kazi.

Kwanza, khawf yenyewe si ibada. Katika Suuratu Quraysh Allah (S.W.) anawakumbusha Maquraishi kuwa aliwalisha wasife njaa na akawapa amani kutokana na khawf. Hofu hapo imewekwa pamoja na njaa, ni taabu ambayo Mola huwaondolea waja. Katika al-Baqarah (2:155) imewekwa tena jirani na njaa, safari hii ikiwa mtihani. Nabii Musa (A.S.) anatajwa akiwa na hofu mara nyingi: aliondoka mjini akiwa na hofu huku akiangaza huku na huku (28:21), aliogopa fimbo ilipogeuka nyoka, alisema wazi yeye na Harun kwamba wanaogopa Firauni asije akawadhulumu (20:45), na hata mbele ya wachawi alihisi hofu nafsini mwake (20:67). Hakukaripiwa kwa hilo. Aliambiwa asiogope, na akaambiwa sababu. Kwa hiyo anayedhani dini inatukuza kutetemeka kwa ajili ya kutetemeka, hajasoma kisa cha Musa.

Pili, kuna khawf ambayo haihusu mtu kuumizwa bali mtu kuumiza. Mkiogopa kuwa hamtawafanyia uadilifu mayatima, inasema an-Nisaa (4:3). Mkiogopa mfarakano kati ya mume na mke, pelekeni wasuluhishi (4:35). Hapa mwenye hofu ndiye mwenye nguvu. Yatima hawezi kumfanya kitu. Ndoa inayovunjika si yake. Na bado anaambiwa aogope, yaani achelee, aone mbele dhulma inayoweza kupita mkononi mwake. Ingia na aya hizi katika lile swali la darasani uone kama linasimama. Je, anayechelea asimdhulumu yatima ni mwoga?

Tatu, kuna khashya. Ar-Raaghib al-Isfahani, katika kamusi yake ya maneno ya Qur'an, anaieleza kuwa ni hofu iliyochanganyika na kutukuza, na kwamba mara nyingi hutokana na kumjua yule anayehofiwa. Ndiyo maana katika Faatir (35:28) wanaosifiwa kwa khashya ni wenye elimu. Woga wa kawaida hupungua kadiri unavyokijua kitu. Mtoto huogopa kivuli mpaka ajue ni kanga iliyoanikwa. Khashya hufanya kinyume, huongezeka kadiri unavyojua. Hisia inayokua kwa elimu haiwezi kuwa ndugu wa ile inayokufa kwa elimu, hata kama Kiingereza kimezipa jina moja.

Sasa nifike kwenye aya mbili ambazo ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Wana wawili wa Adam walitoa kafara, ya mmoja ikakubaliwa na ya mwenzake ikakataliwa. Qur'an haikuwataja kwa majina, sisi tumezoea kuwaita Habil na Qabil. Qabil akatishia kuua. Habil akamjibu kwamba hata akinyoosha mkono kumuua, yeye hatanyoosha wake, kwa kuwa anamhofu Allah, Mola wa walimwengu (5:28). Ukiisoma upesi inapita. Isome polepole: mtu aliyesimama mbele ya muuaji anasema anahofu, na anayemhofia si muuaji. Kama hofu ya Mungu ingekuwa ni woga, hapo pangekuwa mahali pake pa kujificha, kukimbia au kuwahi kuua kabla ya kuuawa. Badala yake hofu hiyo ndiyo iliyomwezesha asimame bila kuwa muuaji.

Nenda mbele mpaka Suuratul Hashr (59:16). Shetani anamwambia mwanadamu akufuru. Akishakufuru, Shetani anamkana, na sababu anayoitoa ni kwamba yeye anamhofu Allah, Mola wa walimwengu. Katika Kiarabu ni maneno yaleyale ya Habil, herufi kwa herufi. Wapo wafasiri waliosema kuhusu kauli kama hii ya Shetani kwamba alidanganya. Mimi nasema hata tukimkubalia kuwa alisema kweli, kwamba aliogopa hasa, bado hofu yake haikumzuia na ovu alipokuwa na uwezo nalo. Ilimjia baada ya kazi kukamilika, na ikamtuma kitu kimoja tu: kujitoa, na kumwacha aliyemdanganya peke yake. Hofu ya Habil ilikuja kabla ya kitendo na ikaushika mkono wake. Hofu ya Shetani ilikuja baada ya kitendo na ikamfungulia mlango wa nyuma.

Kiingereza kitatafsiri zote mbili kwa “I fear God”, na hakitakuwa kimekosea, maana na Kiarabu chenyewe kimetumia kitenzi kimoja. Hapa hata utajiri wa maneno hautusaidii. Jina la hisia halitoshi, wala ukali wake hautoshi. Lazima uulize hofu hii inamhusu nani, na inampeleka wapi mwenye nayo.

Turudi kwa muulizaji wetu. Aliyempa silaha, ajue asijue, ni Immanuel Kant. Katika kitabu chake cha misingi ya maadili cha mwaka 1785 Kant anatoa mfano wa mwenye duka asiyempunja mteja asiye na uzoefu, kiasi kwamba hata mtoto akija kununua anapata bei ileile. Watu wanahudumiwa kwa uaminifu, lakini ikiwa mwenye duka anafanya hivyo kwa kulinda biashara yake, Kant hampi alama yoyote ya wema. Kitendo kinalingana na wajibu, hakikutokana na wajibu. Hoja ni nzito na haifai kudharauliwa. Kwetu pia kitendo ni kwa nia, na hadithi hiyo tulianza kuihifadhi tukiwa madrasa.

Ila Kant mwenyewe alipofika mahali pa kueleza ni kitu gani basi kinachomsukuma mtu kuufuata wajibu, alijikuta anahitaji neno la hisia. Akachagua “Achtung”, neno ambalo Kijerumani hulitumia kwa heshima na pia huliandika kwenye mabango ya tahadhari, na akakiri kwamba hisia hiyo ina kitu kinachofanana na hofu na kitu kinachofanana na mapenzi. Waingereza wanaomtafsiri bado wanavutana juu ya neno la kuliweka hapo. Mimi nilipolisoma hilo nilitabasamu. Amezunguka kote, akafika kwenye mlango wa khashya.

Na Qur'an ina watu ambao mgawanyo wa Kant unashindwa kuwapanga. Katika Suuratul Insaan wanatajwa waja wema wanaolisha masikini, yatima na mateka chakula wanachokipenda. Wanasema wanawalisha kwa ajili ya uso wa Allah, hawataki malipo wala shukrani (76:9). Hapo Kant angewapa alama zote. Lakini aya inayofuata, bila hata kupumua, wanasema wanaihofia kutoka kwa Mola wao siku iliyokunja uso (76:10). Basi wana nia safi au wana hofu? Wana vyote viwili, katika sentensi mbili zilizoshikana mikono, wala hawaoni haja ya kuomba radhi kwa kimoja kati ya hivyo. Nini kinawaunganisha? Nadhani ni hiki: wanayeutafuta uso wake ndiye huyohuyo wanayeihofia siku yake. Mwenye duka anamtazama mtoto lakini moyo wake uko kwenye mauzo. Hawa hawana vituo viwili.

Inasimuliwa kuhusu Rabia al-Adawiyya wa Basra kwamba alitaka kuichoma pepo na kuuzima moto ili watu wamwabudu Mola kwa ajili yake tu. Wenzetu wengi wanapenda kukitaja kisa hicho mbele ya wasio Waislamu. Ni kisa kizuri, ila kinakuwa hatari mikononi mwa mtu anayekitumia kuonesha kuwa amepita daraja la kuogopa moto. Mitume hawakulipita.

Chukua chumba cha mtihani. Yupo asiyeangalizia kwa sababu msimamizi amesimama nyuma yake. Tunamwambia: msimamizi akitoka, Allah hatoki. Ni kweli, na kwa mtoto wa miaka kumi inatosha. Lakini kwa mtu mzima ikiishia hapo, tumemfanya Mola kuwa msimamizi mwenye macho makali zaidi, na uhusiano umebaki uleule wa mwizi na mlinzi. Al-Ghazali, katika kitabu cha hofu na matarajio kilichomo ndani ya Ihya, anatofautisha kuhofia adhabu ya Allah na kumhofu Yeye mwenyewe. Ya kwanza haidharau, ndiyo ya waumini wengi. Ya pili anaisogeza karibu kwa mfano wa simba: anayemjua simba humhofu kwa jinsi simba alivyo, bila kwanza kuwa amemkosea. Asiyeangalizia kwa hofu ya namna ya pili hahesabu uwezekano wa kukamatwa. Cheti kilichopatikana kwa wizi kwake ni kitu cha kumwonea haya Yule anayemjua.

Kuna upande mwingine ambao wanafalsafa wa darasani hawaugusi, na ambao sisi tunauona kila wiki: nani anamwambia nani “mche Mungu”. Katika hadithi ya watu watatu waliozibwa na jabali pangoni, mmoja alikuwa amemshika binamu yake kwa shida ya fedha. Alipofika karibu na haramu, yule mwanamke, asiye na nguvu wala msaada, alimwambia amche Allah. Akainuka, akamwachia na dhahabu. Katika al-Baqarah (2:206), anayeambiwa “ittaqi Allah” ni mtu wa maneno matamu anayeharibu mimea na viumbe. Kiburi kinampanda, anazidi kutenda dhambi. Na imesimuliwa kwamba mtu mmoja alimwambia Umar (R.A.), akiwa khalifa, amche Allah. Waliokuwepo wakamkemea. Umar akasema waacheni, hakuna kheri kwao wasipotuambia, wala kwetu tusipoyakubali.

Utaona kauli inatoka chini kwenda juu, kutoka kwa mnyonge kwenda kwa mwenye nguvu. Sasa tazama tunavyoitumia. Kiongozi wa jumuiya anaulizwa hesabu ya fedha za futari, anajibu: mcheni Allah, acheni kudhania watu vibaya. (Sizungumzii jumuiya yetu, bila shaka.) Kaka mkubwa anamfungia mdogo wake mlango wa masomo kisha anamwambia amche Mungu. Maneno ni ya Qur'an, lakini kinachosemwa ni: niogope mimi. Mtu aliyezoea kuyasikia kutoka kwa mdomo wa namna hiyo, akikutana na swali la darasani, atakubali upesi kwamba hofu ya Mungu ni fimbo ya wakubwa. Kabla ya kumlaumu profesa, tuitazame fimbo imeshikwa na nani.

Na wapo waliozidiwa upande mwingine. Sisemi juu ya wasiojali, hao wana makala zao. Nasema juu ya ndugu anayerudia udhu mara tano, dada anayeamini sala zake zote zimerudishwa, kijana aliyeacha kuja msikitini kwa sababu amejihesabu mnafiki na anaona haya kusimama safuni. Hofu yao ni ya kweli na ni kali. Al-Ghazali aliilinganisha hofu na mjeledi: kazi yake ni kumfanya mnyama atembee, na mjeledi unaomvunja miguu umeharibu safari. Hofu iliyomtoa mtu msikitini, hata ikijiita taqwa, imempeleka alikotaka Shetani.

Hapa namkumbuka Ka'b bin Malik. Alibaki Madina bila udhuru wakati wa msafara wa Tabuk, mwaka wa 9 Hijria. Mtume (S.A.W.) aliporudi, watu themanini na kitu walikuja na visingizio, wakaapa, na udhuru wao ukapokelewa kwa dhahiri yake. Ka'b alikuwa mshairi, mtu wa ulimi. Alisema wazi kwamba angekuwa ameketi mbele ya mtu mwingine yeyote wa dunia angejinasua kwa maneno. Lakini alijua kwamba akimridhisha Mtume leo kwa uongo, Allah atamfunulia kesho. Akasema kweli: hakuwa na udhuru. Akasuswa siku hamsini, yeye na wenzake wawili. Katikati ya siku hizo ikamjia barua ya mfalme wa Ghassan ikimkaribisha kwake, kwa heshima zote. Mlango wa nyuma huo, umefunguliwa kabisa. Akaitia tanurini.

Aya iliyoshuka juu yao (9:118) inasema ardhi iliwawia dhiki pamoja na upana wake, wakayakinisha kwamba hakuna pa kumkimbia Allah isipokuwa kwake Yeye. Mtu akiogopa simba hukimbia mbali na simba. Wale themanini walikimbia kwa visingizio. Ka'b aliogopa akakimbilia kulekule alikoogopa, na hilo neno “fear” la leo halina nafasi ya kulieleza. Wanasaikolojia wangeliita mkanganyiko. Kiswahili kinaliita kucha.

Sisemi tuache Kiingereza, tunasomea humo na tutafanyia kazi humo. Ninalo ombi dogo kwa ndugu zetu wanaosimama kutafsiri khutba ya Ijumaa, iwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Msitie kila kitu kwenye gunia moja. Ikija khawf ya Quraysh, ni hofu, waacheni watu washukuru kwa amani. Ikija ya mayatima, ni kuchelea, na wenye mali za watu wakae wima. Ikija khashya, chukueni -cha kabatini. Na katika ar-Ra'd (13:21) vitenzi viwili vimewekwa kimoja baada ya kingine kwa watu walewale: khashya kwa Mola wao, khawf kwa hesabu mbaya. Kiswahili kinaweza kuvitenganisha bila taabu, wanamcha wa kwanza na wanaichelea ya pili. Kwa Kiingereza itabidi mfasiri asimame kidogo atafute, na imamu hana budi kumngoja.